Hii mizinga ya upepo ya mabomba ya plastiki itatuulia watoto

Wakuu, nimevumilia mwezi mzima. Leo nimechoka.

Mtaani kwetu hapa Dar vijana wameacha manati. Sasa wanaunganisha mabomba ya maji, wanapeleka kwa fundi pancha kujazwa upepo, wanatia gololi kumi na zaidi, wanaachia zote kwa mkupuo. Jumamosi zilimkuta mama mmoja anaanika nguo. Moja ilimpiga mkononi, pakavimba. Ingepanda kidogo tu, ni jicho. Manati angalau mtu analenga kunguru. Hiki kidude hakilengi, kinamwaga.

Lakini kinachoninyima usingizi ni bomba lenyewe. Mimi ni fundi bomba, mwaka wa 19 huu. Ile PN10 iliyoandikwa ubavuni ni presha ya bar 10 za MAJI, tena maji ya joto la nyuzi 20. Sio upepo! Bomba la maji likipasuka presha inakata hapohapo, unalowa, basi. Upepo umeshindiliwa mle kama springi. Bomba likishindwa unatoka wote kwa mara moja na plastiki inageuka vigae. Vikizama mwilini, eksirei haivionyeshi vizuri. Na wanayoyaokota ni mabomba yaliyoshinda juani miaka, yamepauka, ukiyagonga yanakatika kama ganda la yai. Mtoto analiweka shavuni!

Marekani mamlaka ya usalama kazini ilionya tangu 1988: bomba la PVC, yaani la plastiki ngumu, lisilofukiwa lisibebe upepo wa kushindilia. Na 2016 kule Delaware, kwenye mashindano ya kurusha maboga, mzinga wa upepo wa watu wazima waliozoea kazi hiyo uliachia kipande, kikamjeruhi vibaya mwanamke. Sembuse hawa wa darasa la sita?

Nimemfuata fundi pancha. Jibu lake: "Mzee, mimi nauza upepo, siulizi unaenda wapi." Baba wa mmoja wao ndiyo kabisa, ananiambia mwanawe ana kipaji, nisimvunje moyo. Kipaji hicho mpe baiskeli mbovu atengeneze!

Mjumbe anasema tusubiri kikao cha wiki ijayo. Kesho asubuhi niko mlangoni kwake tena. Na wewe mzazi unayesoma hapa, kama umeona bomba lenye valvu ya tairi chini ya kitanda cha mwanao, litoe upepo kwanza, kisha likate vipande leo hii.