Nimeuziwa darubini ya uongo iliyotangazwa katikati ya kipindi cha wanyamapori, na muuzaji anakataa kurudisha fedha

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekaa kimya kwa wiki tatu nikitumaini kwamba muuzaji angejirekebisha, lakini sasa uvumilivu umenishinda.

Baba yangu mzazi ni mstaafu wa miaka 71 anayeishi Tanga, jirani na ufukwe, na kwa kuwa miguu haimruhusu tena kwenda mbali, raha yake ya jioni ni vipindi vya wanyama na ndege kwenye televisheni. Mbele ya nyumba yake, maji yakipwa, sululu hushuka kwenye matope ya mikokoni wakidokoa kaa kwa ile midomo mirefu iliyopinda kwenda chini. Ndege hao huzaliana kaskazini ya mbali, huko Urusi na Skandinavia, kisha husafiri maelfu ya kilomita hadi kwetu, na baba huwatazama kutoka barazani wakiwa vidoa tu. Ndipo jioni moja, katikati ya kipindi cha heroe wa Ziwa Natron, likarushwa tangazo la darubini ya 8x42. Niliagiza mtandaoni usiku uleule, nikalipa shilingi 145,000 kwa simu kwa sababu sharti lao ni kulipa kwanza, na mzigo ukaja kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Kwa asiyefahamu, 8 ni idadi ya mara ambazo darubini inakuza, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, ambacho ndicho kinachoamua mwanga unaoingia. Darubini ya kweli ya 8x42 ukiishika mbali kidogo na uso na kuielekeza kwenye mwanga, utaona katika kila kioo cha jicho kiduara cheupe chenye upana wa milimita 5 hivi, yaani 42 gawanya kwa 8. Yangu niliipima kwa rula nikapata milimita mbili na nusu. Nikamulika tochi kwa mbele, nikakuta pete nyeusi ya plastiki imebanwa nyuma ya kioo, imebakiza tundu la milimita 20 tu! Kioo chenyewe kimepakwa utando mwekundu unaong'aa, ambao tangazo liliusifu kuwa wa kitaalamu, ilhali unarudisha mwanga mwekundu nje na kumwachia mtazamaji picha ya kijanikijani. Baya zaidi, mirija yake miwili haielekei mahali pamoja, hivyo sululu mmoja anaonekana wawili, na baada ya dakika chache kichwa kinauma.

Baba aliishika asubuhi, akazungusha kile kigurudumu cha katikati mara nyingi, akafuta vioo kwa ncha ya kanga ya mama, akajaribu tena. Kisha akaiweka mezani taratibu, akasema, "Mwanangu, nadhani macho yangu ndiyo yamekwisha. Usijisumbue." Huyu ni mzee anayesoma gazeti kila siku! Fedha zinauma, lakini kumsikia akijilaumu kwa udanganyifu wa mtu mwingine kumeniuma zaidi.

Muuzaji alinijibu kwanza kwamba hatujui kuitumia, kisha akasema mzigo ukishafunguliwa haurudishwi, na baada ya hapo akaacha kupokea simu zangu. Nauliza: mzigo uliofungwa kwa gundi pande zote mteja ataukaguaje bila kuufungua? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kuandika 42 juu ya tundu la 20 sioni jina jingine la kuliita. Malalamiko yangu, pamoja na picha za ile pete na risiti ya muamala, nimekwisha kuyaandika kwa Tume ya Ushindani. Kituo cha televisheni nacho kiliniambia kwamba kazi yake ni kuuza muda wa matangazo tu, kana kwamba imani ya watazamaji wa kipindi kile haikuwa sehemu ya bidhaa waliyouza.

Ninachodai ni shilingi 145,000 zangu pamoja na nauli ya mzigo, na tangazo lile liondolewe. Yeyote aliyenunua darubini ya namna hii aipime kwa rula na aandike hapa alichokuta, kwa maana jana saa mbili na nusu usiku tangazo limerushwa tena, safari hii katikati ya kipindi cha tembo, na baba alikuwa amekaa mbele yake.