Waya wa chaja haufiki vizuri kwenye ID.3

Wakuu, habari zenu. Niko Birmingham, naendesha gari la umeme, VW ID.3, tundu la kuchajia liko nyuma kulia. Chaja ya kasi ya hapa jirani, waya wake unakaza kama kamba ya mbuzi na plagi inakaa upande. Soketi haitaharibika? Kupaki kwenye nafasi mbili sitaki, wengine nao wanasubiri.

— Usiuache hivyo mkuu, uzito wote unabebwa na soketi. Ingia kinyumenyume mpaka matairi yaguse ukingo.

— Supercharger (chaja za kasi za Tesla) za zamani zina waya mfupi kwa kuwa tundu la Tesla liko nyuma kushoto. Tafuta V4, yaani toleo la nne, waya wake mrefu.

— Asanteni, nimerudi nyuma kabisa, umelegea. Ila mwenye kiti cha magurudumu anapenyaje hapo?