Mtoto wa miaka 4 hataki mswaki, meno ya mbele yameanza kuwa meusi. Naombeni ushauri

Binti Pongwe
Habari za jioni wanajamvi. Nina mtoto wa kike, miaka 4 na miezi 3. Mswaki hataki hata kuuona. Nikimshika anabana meno, analia mpaka jirani anagonga mlango. Nimebadilisha dawa mara tatu, nimemnunulia mswaki wenye picha ya sungura, wapi! Sasa meno manne ya mbele ya juu yamekuwa meusi karibu na ufizi. Mwenye mbinu ya kumzoesha anisaidie, nina haraka kidogo.

Mzee wa Mnazini
Sisi babu alikuwa akituchongea mswaki wa mti kila asubuhi. Unatafuna mpaka utoe nyuzi, unakaa barazani unasugua huku ukisubiri uji. Nina miaka 63 na magego yangu yote yapo. Biskuti zenu hizi ndizo zinazowamaliza watoto.

Mama Wawili
Dada, usimkimbize. Wangu nilikuwa namlaza kichwa mapajani, namwimbia, wimbo ukiisha na mswaki umeisha. Kwanza yeye ananisugua mimi, halafu zamu yangu. Wiki mbili ni kilio, ya tatu akawa anauleta mwenyewe. Dawa iwe na floraidi, madini ya kukinga meno yasioze, kiasi cha punje ya njegere, ateme asisukutue. Na umsugue wewe mpaka afike miaka 7 au 8, mkono wake bado mzito.

Mmeru
Floraidi nayo! Mimi wa huku Arusha, meno yangu ni ya kahawia tangu yaote, sababu ya maji yenye floraidi nyingi tuliyokunywa utotoni. Picha zote za harusi yangu nimefumba mdomo.

Msaidizi wa Kliniki
Pole sana ndugu yangu. Yenu ni maji mliyokunywa miaka na miaka meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Punje ya njegere inayotemwa si sawa na hayo. Turudi kwa mwenye uzi: meno ya chini ya mbele ni mazima? Na analala na nini mdomoni?

Binti Pongwe
Ya chini mazima. Analala na chupa.

Msaidizi wa Kliniki
Chupa ya nini?

Binti Pongwe
Maziwa. Na sukari, vijiko viwili. Msinihukumu jamani, naamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, bila chupa halali mpaka saa sita. Na kusema kweli nimeshaamua. Kuna fundi mtaani anang'oa, nimempa kianzio 20,000, Jumamosi anayatoa yote manne. Ni meno ya utoto, si yangetoka tu?

Fundi Gereji
20,000 kianzio? Koleo ninalo hapa, naja na bodaboda.

Msaidizi wa Kliniki
Si jambo la utani. Mapya ya mbele juu huota miaka 7 hadi 9, atakaa na pengo karibu miaka mitatu au zaidi. Na chanzo ni chupa. Usiku mate hupungua, maziwa yenye sukari yanatuama kwenye meno ya juu. Ya chini yanakingwa na ulimi, ndiyo maana mazima. Ukiyang'oa na chupa ikaendelea, magego yatafuata.

Kachero
Uzi wa kutunga huu. Machi kwenye jukwaa la ndoa aliandika hajajaliwa mtoto na mawifi wanamsema. Leo ana wa miaka 4?

Fundi Gereji
Duh! Tumeliwa muda.

Mzee wa Mnazini
Watoto wa kulea hamjawahi kuwaona?

Binti Pongwe
Sijatunga. Ni mtoto wa mdogo wangu. Yuko Muscat kazi za ndani, mwaka wa tatu huu, anarudi Desemba. Mimi ananiita mama mkubwa. Mama yake akipiga simu ya picha namwambia kalala. Nilitaka akija akute mapengo, nimwambie yametoka yenyewe. Anatuma hela kila mwezi, nitamwonyeshaje meno meusi?

Mama Wawili
Mpigie leo, mweleze. Mama yeyote anajua meno hayatoki miaka 4. Atajua umemng'olea mwanawe kwa fundi, na umemficha.

Msaidizi wa Kliniki
Nenda kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya kabla ya Jumamosi. Wayaangalie, pengine yanazibika. Sukari punguza kijiko nusu kila baada ya siku tatu, kisha maziwa yenyewe uyachanganye maji, mpaka yabaki maji matupu. Mswaki uwe wa mwisho kabla ya kulala.

Binti Pongwe
Jana nimeweka kijiko kimoja na nusu. Kalia kidogo, kalala saa nne. Mdogo wangu bado sijampigia. Na fundi hiyo 20,000 atanirudishia kweli?