Presi ya vituo vitano kwa risasi za 9 mm: nianzie wapi kuipanga?

Mlenga_Shabaha

Wakuu, habari za leo. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijaza risasi zangu za shabaha kwa presi (mashine ya mpini ya kuundia risasi) ya kituo kimoja, ganda moja hatua moja. Kibali ninacho, na sheria ya nilipo inamruhusu mtu kujijazia za kwake. Sasa nimepata presi ya vituo vitano, ile ambayo sahani ya maganda inajizungusha yenyewe kila ukivuta mpini. Nataka niitumie kwa 9 mm peke yake.

Nimeifunga mezani na kalibu zote, vile vyuma vinavyofanya kazi ya kila kituo, zimo. Kituo cha kwanza kinatoa fataki iliyotumika (kile kiwashio cha baruti kitakoni mwa ganda) na kulirudisha ganda kwenye kipimo chake. Cha pili kinapanua mdomo na kumwaga baruti, cha tatu nimekiacha wazi, cha nne kinapachika kichwa (ile ncha inayoruka kwenda kwenye shabaha), cha tano kinabana mdomo.

Nikipitisha ganda moja peke yake, urefu wa risasi unatoka vile ninavyotaka. Nikianza kuvuta mfululizo, zinatoka ndefu kidogo. Jambo la pili, sahani ikizunguka chembe za baruti zinaruka nje ya ganda, na sipendi kabisa kuziona mezani. La mwisho, nikipitisha kidole kwenye kitako cha risasi nyingine naisikia fataki imejitokeza. Bado sijapiga hata moja na sitapiga mpaka nielewe. Naomba msaada wenu, hasa wale mlioanza kama mimi kutoka kituo kimoja.

BoltiNaNati

Mkuu, kabla ya kugusa kalibu hata moja angalia meza. Vuta mpini kwa nguvu ya kazi huku mwenzako akitazama miguu ya meza na ukuta. Ikicheza, hutapata kipimo kinachotulia, na fataki hazitakaa sawa kwa sababu nguvu yako inaishia kwenye mbao. Mimi nilipitisha bolti meza nzima, nikaweka bamba la chuma chini, halafu nikaifunga meza ukutani. Baada ya hapo nusu ya malalamiko yangu yaliisha.

Mzee_wa_Mpini

Kijana, umefanya vizuri sana kutopiga. Ngoja nikueleze jambo moja moja, lakini si kwa mpangilio ulioniuliza, maana la fataki ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Katika presi nyingi za aina hiyo fataki haikai wakati unavuta mpini chini. Inakaa mwishoni, unapousukuma mpini mbele kupita pale unapodhani umemaliza. Mtu aliyetoka kituo kimoja mkono wake umezoea kuvuta na kuachia. Akiachia, fataki inaishia njiani. Kwa hiyo kila mzunguko sukuma mpaka uisikie fataki ikigota chini ya tundu lake. Inatakiwa izame kidogo ndani ya kitako, kama sehemu ya kumi ya milimita hivi. Ikiwa imelingana na kitako haijatosha, na ikijitokeza ndiyo hatari. Katika bastola inayojijaza, fataki iliyojitokeza inaweza kugongwa na uso wa slaidi kabla risasi haijafungwa vizuri kwenye chemba, pale inapokaa nyuma ya mtutu. Ikiwa na bahati njema, itakataa kulipuka pigo la kwanza kwa sababu pini imetumia nguvu yake kuisukuma mahali pake.

Ukisukuma ukakuta ukinzani usio wa kawaida, usilazimishe. Toa hilo ganda ulitazame kitakoni. Maganda mengi ya kijeshi, yale yenye alama ya msalaba ndani ya duara, yamebanwa ukingo wa tundu la fataki kiwandani. Ubano huo lazima uondolewe kwanza, ama kwa kuusukuma ama kwa kuukwangua, ndipo fataki mpya iingie. Mimi hayo huyaweka kwenye ndoo yake na siyachanganyi na mengine. Na bomba la kujazia fataki likikwama, usichomeke kitu kuzisukuma: fataki moja ikilipuka ndani ya bomba, zilizo jirani zinaifuata. Miwani ya kinga iwe usoni muda wote, hata kama unafanya majaribio tu.

Sasa urefu. Kalibu zako hazina tatizo. Sahani ikiwa na ganda moja, nguvu inaingia upande mmoja tu na sahani inalala kidogo sana kuelekea upande huo. Vituo vyote vikijaa, kila kalibu inasukuma kwa wakati wake, hasa ile ya kwanza ambayo ndiyo nzito kuliko zote, na sahani inakaa kwa namna nyingine. Hiyo tofauti ndogo ndiyo unayoiona kwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu na upana. Dawa yake ni kuanza na ganda moja ili upate makadirio, kisha uijaze sahani nzima, uzungushe mpaka risasi zianze kutoka kwa mfululizo, ndipo urekebishe kina cha kalibu ya kichwa na uikaze nati yake. Ikaze vituo vikiwa vimejaa na mpini ukiwa chini, ili kalibu ijipange yenyewe katikati. Risasi chache za mwanzo na za mwisho wa kila safari zitatofautiana na nyingine kwa sababu hiyo hiyo. Zipime peke yake.

Kuhusu urefu wenyewe, kikomo cha SAAMI (taasisi ya Marekani ya viwango vya silaha na risasi) kwa 9 mm ni milimita 29.69, lakini usikifanye kikomo kuwa lengo. Kichwa kipana cha mbele kitagusa mistari ya mtutu mapema kuliko kile chembamba. Fungua bastola, toa mtutu, dondosha risasi kwenye chemba. Iingie kwa uzito wake, igote, izunguke ukiigeuza kwa kidole, na itoke ukiinamisha mtutu. Ikikataa mojawapo ya hayo, ama ni ndefu, ama mdomo haujabanwa vya kutosha. Na usikimbilie kuizamisha ndani zaidi bila kutazama kitabu cha mizigo (vipimo vya baruti kwa kila aina ya risasi), maana ukipunguza nafasi ndani ya ganda shinikizo linapanda haraka.

Kubana mdomo kwa 9 mm ni kuondoa ule upana tu ulioufungua kituo cha pili. Risasi hii inagota kwenye chemba kwa ukingo wa mdomo wake, kwa hiyo ukikunja ukingo ndani kama wanavyofanya watu wa rivolva, unaiharibia mahali pa kugota. Mimi napima mdomo kwa kalipa na sitaki uzidi milimita 9.65. Kisha nabonyeza ncha ya risasi kwenye ukingo wa meza kwa nguvu na kupima tena: ikiwa imefupika, kichwa kinateleza, nami narudi nyuma kutafuta sababu. Mara nyingi ni ganda lililopanuliwa mno kituo cha pili, kwa hiyo panua kiasi cha kukifanya kichwa kisimame wima tu.

Chembe zinazoruka. Sahani yako inagota kwa kishindo. Chini yake kuna gololi ndogo inayosukumwa na springi, ndiyo inayoisimamisha mahali pake. Springi ikiwa ngumu mno, sahani inaruka badala ya kuteleza. Legeza, au tafuta springi laini zaidi kwa mtengenezaji, kisha upake mafuta mepesi sana pale gololi inapopita, yasifike kwenye maganda wala fataki. Punguza pia kasi ya mkono. Huo mkono ndio unaosababisha mengi.

Mlenga_Shabaha

Shikamoo Mzee. Nimeelewa la sahani kuinama, hilo sikuwahi kulifikiria. Nimejaza vituo vyote, nikapima tena, na urefu umetulia. Springi nimeilegeza, mezani hakuna chembe. Lakini hukunigusia baruti yenyewe. Kituo cha tatu kiko wazi. Niweke kile kifaa cha kuangalia kiwango cha baruti, au macho yanatosha?

Mzee_wa_Mpini

Marahaba. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Weka kifaa, na macho pia yafanye kazi. Kifaa kinakamata ganda tupu na ganda lililojazwa mara mbili, lakini hakikamati tofauti ndogo. Macho nayo yanaona kile ambacho kifaa hakijapangiwa. Funga taa ndogo ya LED kwenye fremu, ielekee ndani ya ganda la kituo cha tatu, na upange kiti chako mpaka uone kimo cha baruti bila kuinuka wala kuinamisha shingo. Kisha ifanye sheria kwamba huweki kichwa juu ya ganda ambalo hujaliona ndani. Mkono wa kushoto ushike kichwa, macho yaingie ndani ya ganda, ndipo kichwa kiwekwe. Mpangilio huo usibadilike.

Chagua baruti inayojaza nafasi. Kwenye 9 mm mizigo ni midogo, na zipo baruti nzito za ujazo mdogo ambazo ukimwaga mara mbili bado zinakaa ndani ya ganda bila kumwagika. Kwa anayeanza presi ya mfululizo, mimi napenda ile yenye chembe kubwa nyepesi, ambayo mzigo mmoja unapita nusu ya ganda na wa pili unafurika mezani. Ikifurika, imekwambia yenyewe. Mizigo ifuate kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa. Anza na ule wa mwanzo, si ule wa juu kabisa, na upande kidogo kidogo. Usichukue namba kutoka kwenye mjadala wowote, hata huu.

Kipima baruti hakitulii papo hapo. Jaza chombo chake, mwaga mizigo kadhaa kwenye kikombe, irudishe chomboni, ndipo uanze kupima. Pima kumi kwa pamoja na ugawanye, maana mzigo mmoja mmoja kwenye mizani ndogo ya kielektroniki unadanganya. Mizani yenyewe iangalie kwa jiwe la uzito unaojulikana kila unapoketi. Kumbuka greni 1, kipimo cha uzito wa baruti, ni karibu gramu 0.065, kwa hiyo upepo wa feni au simu iliyo karibu unatosha kuiyumbisha. Pima tena kila unapoongeza fataki kwenye bomba.

Na sasa jambo ambalo nakuomba ulishike kuliko mengine yote. Presi ya kituo kimoja ukisimama katikati hakuna lililoharibika, ganda linakusubiri. Presi hii ukisimama katikati, hujui tena nani amepata nini. Mpini umekwama, ukaurudisha, ukavuta tena: ganda la kituo cha pili limepata baruti mara mbili, au halikupata kabisa kwa sababu sahani ilizunguka na wewe ulikuwa ukitazama fataki. Mtu akikuita, simu ikilia, ukihisi ukinzani mpya kwenye mpini, chochote kile, simama. Rekebisha. Kisha toa maganda yote yaliyo kwenye sahani, mimina baruti iliyomo, na uanze upya ukiwa na sahani tupu. Unapoteza maganda manne na dakika chache.

Zena_Rivolva

Naunga mkono la Mzee kwa nguvu zote, hasa kwetu sisi wa .38 Special. Ganda letu ni refu na mzigo ni mdogo, mizigo miwili inakaa ndani bila mtu kushtuka. Naongeza moja kuhusu ganda tupu, maana watu huogopa baruti nyingi na kusahau baruti sifuri. Fataki peke yake ina nguvu ya kukitoa kichwa kwenye ganda na kukiacha kimekwama ndani ya mtutu. Mlio unakuwa hafifu na hakuna teke la kawaida. Ukipiga ya pili nyuma yake, mtutu unavimba au kupasuka. Kwa hiyo uwanjani mlio wowote usio wa kawaida unamaanisha kuweka silaha chini ikielekea kwenye shabaha, kusubiri kidogo, kuondoa risasi zote, na kupitisha fimbo kwenye mtutu kabla ya jambo lingine.

Pia Mlenga, mezani liwe kopo moja tu la baruti, lile unalotumia. Ukimaliza, rudisha iliyobaki kwenye kopo lake lenye jina. Baruti nyingine zikilala kwenye chombo cha plastiki zinakila, na wewe kesho hukumbuki ilikuwa ipi. Masizi ya fataki yana risasi, ile metali, kwa hiyo usile mezani, nawa mikono kwa sabuni, na vumbi la mashine ya kusafishia maganda usilitikise ndani ya nyumba kama una watoto. Mimi nilihamia kusafisha kwa maji na pini za chuma cha pua kwa sababu hiyo hiyo.

Mlenga_Shabaha

Asanteni sana, dada Zena na Mzee. Swali la mwisho: nikianza, nijaze ngapi kabla ya kwenda kupiga?

Mzee_wa_Mpini

Chache. Zinazotosha kujaza magazini moja au mbili, zote umezipitisha kwenye mtutu uliotolewa na kitako umekigusa kwa kidole. Zipige, okota maganda yake, yatazame mdomo na kitako, uone kama bastola inajifungua na kujifunga yenyewe kila mara. Usijaze sanduku zima kabla hujajua hizo zinakwendaje, maana kuzifungua tena moja moja kwa nyundo ya kuvulia vichwa ni kazi ya kuchosha sana. Ukirudi tuletee vipimo vyako na jina la kichwa unachotumia, tutazame pamoja.