Toleo la mwisho ni la nani? Gumzo la familia kuhusu Paul Robeson

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Kuna picha inazunguka, eti Jomo Kenyatta aliwahi kuigiza filamu. Ni kweli au uzushi?

Mjomba Seif: Marahaba. Ni kweli. Ni Sanders of the River, filamu ya Uingereza ya 1935. Kenyatta alikuwa akiishi London, akaingia kama mwigizaji wa ziada, mmoja wa machifu. Mhusika mkubwa, Bosambo, aliigizwa na Paul Robeson, Mmarekani mweusi.

Shangazi Mwanaidi: Na Robeson miaka hiyohiyo alikuwa akisoma lugha za Afrika chuoni London, Kiswahili kikiwamo. Aliikubali kazi ile akiamini mila za Waafrika zitaonyeshwa kwa heshima.

Idi: Mbona basi baadaye aliikana?

Mjomba Seif: Kwa sababu ya uhariri, Idi. Ngoma halisi zilirekodiwa Afrika, yeye akarekodiwa studio Uingereza, halafu vipande vikaunganishwa. Mwigizaji anajua maneno yake na siku zake za kamera tu. Filamu ilipotoka, Bosambo alikuwa mtumishi mtiifu wa ofisa wa kikoloni, na hadithi nzima inausifu utawala wa Mwingereza. Sauti na sura ni za Robeson, maana ni ya waliokata na kuunga.

Shangazi Mwanaidi: Ndiyo maana mwaka uliofuata, kwenye Song of Freedom, alidai mkatabani haki ya kuidhinisha toleo la mwisho, na akapewa. Huyu alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Columbia, 1923, anajua kusoma mkataba.

Amina: Shikamooni. Mjomba, mimi nasaini wa kwangu Jumatatu. Nimeandikiwa "mwigizaji ataonyeshwa filamu kabla ya kutoka". Inatosha?

Mjomba Seif: Marahaba Amina. Haitoshi. Kuonyeshwa ni kukaa kwenye kiti na kutazama. Neno unalolitaka ni "kuidhinisha kwa maandishi", pamoja na idadi ya siku za kutoa jibu. Ila nikwambie wazi, mwigizaji mpya ni nadra kupewa. Robeson alipewa kwa sababu jina lake ndilo lililouza tiketi.

Shangazi Mwanaidi: Wakikataa, omba vidogo vinavyowezekana. Skripti yote, si kurasa zako tu, iambatishwe kwenye mkataba na kila ukurasa utiwe saini na pande zote mbili. Mhusika wako akibadilishwa, mabadiliko yaandikwe kabla ya siku ya kurekodi. Sauti yako isibadilishwe na ya mtu mwingine bila ruhusa. Na uwe na haki ya kuondoa jina lako kwenye filamu na bango. Hiyo ya mwisho prodyuza haimgharimu sana, kwa hiyo anaweza kuikubali.

Idi: Afadhali jukwaani basi, hakuna mhariri.

Mjomba Seif: Jukwaani nako kuna mtego wake. Robeson alipoigiza Othello, yule shujaa mweusi wa tamthilia ya Shakespeare, London 1930 kwenye ukumbi wa Savoy, taa zilikuwa hafifu mno na mavazi mazito ya kizamani. Uso usipoonekana, hata sauti nzito kama ile inaelea tu, mtazamaji hajui inatoka kwa nani. Kwa hiyo kwenye mazoezi ya mwisho, mtu akae safu ya nyuma kabisa, aseme kama anayaona macho.

Zuhura: Na Marekani?

Shangazi Mwanaidi: Kumpa Othello kule kulichukua miaka 13, maana watayarishaji waliogopa mwanamume mweusi kumbusu mwanamke mweupe jukwaani. Walijaribu kwanza kwenye ukumbi mdogo kule Massachusetts, Agosti 1942, wakaona watazamaji wameipokea vizuri mno. Oktoba 1943 wakaingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, maonyesho 296. Hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imefikisha idadi hiyo Broadway. Walipozunguka miji mingine, alikataa kumbi zinazotenganisha viti kwa rangi.

Idi: Filamu je?

Mjomba Seif: Hollywood aliiacha baada ya Tales of Manhattan, 1942. Tatizo lilelile la picha ya mtu mweusi. Halafu 1950 serikali yake ikamnyang'anya pasipoti kwa sababu ya siasa zake, akarudishiwa 1958.

Shangazi Mwanaidi: Usiruke ya 1957, kaka. Hawezi kusafiri, akaimba akiwa New York, sauti ikapita kwenye waya wa simu uliolazwa chini ya Atlantiki mwaka mmoja nyuma, ikatokea kwenye spika za ukumbi London. Baadaye akawaimbia wachimba makaa wa Wales kwa njia hiyohiyo. Na 1959 akarudi Uingereza kuigiza Othello Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, akiwa na miaka 61.

Amina: Nimeangalia bahasha sasa hivi. Skripti niliyopewa ni kurasa 12, zote ni za kwangu.

Mjomba Seif: Waandikie leo, uombe zilizobaki. Zikija zilete tuzisome wote kabla ya Jumatatu.