Nimeacha tarumbeta miaka 22, midomo inaweza kurudi kweli?

Mmachame_Tabata
Wakuu habari za jumapili. Nina miaka 41, nilipuliza kwenye matarumbeta ya usharika wetu kule Machame toka darasa la sita mpaka namaliza form four, nikaja Dar kutafuta maisha na ndo ikawa basi. Mwezi wa nane tumemzika baba mdogo, matarumbeta yametangulia mbele ya jeneza toka nyumbani mpaka kaburini, nikasikia sauti ya pili haipo, kijana mmoja tu anahangaika nayo, na ile sauti ya pili ndo ilikuwa yangu. Nililia sana. Baada ya mazishi mwalimu wetu wa zamani akanishika mkono mpaka stoo akanipa tarumbeta ile ile niliyokuwa napuliza, ina kibonyeo pale mbele nilipoiangusha nikiwa la saba.

Sasa vidole vinakumbuka kila kitu, skeli (ngazi za noti, do re mi) zinaenda zenyewe, ila mdomo umekufa. Dakika tano tu pembeni panalegea hewa inavuja, nikitafuta noti za juu naishia kukandamiza mpaka nabaki na duara jekundu mdomoni na sauti haijatoka. Halafu valvu ya pili ukibonyeza hairudi. Na nimepanga chumba na sebule, majirani ukuta kwa ukuta. Krismasi natamani nikapulize nao nyumbani, je inawezekana au najidanganya?

SautiYaPili
Pole na msiba kaka. Inawezekana kabisa, mimi nilirudi nikiwa na 38 baada ya miaka 14. Ila sikia, hilo duara jekundu ndo adui yako. Ukikandamiza mausipisi (ile sehemu ya kuwekea mdomo) damu haipiti vizuri mdomoni, mdomo unakufa ganzi, unazidi kukandamiza, siku ya pili huwezi hata kutoa sol. Mimi nilifanya hivyo mwezi mzima nikaishia kuvimba mdomo na kukaa wiki bila kugusa chombo.

Fanya hivi: puliza dakika kumi, weka chini dakika kumi, hata kama unajisikia unaweza kuendelea weka chini. Mara mbili kwa siku inatosha kuanzia. Wiki mbili za kwanza usipande juu ya do ya katikati ya mistari, shika sol ya mstari wa pili taratibu kwa sauti ndogo kabisa mpaka pumzi iishe, uisikilize kama inatetemeka. Halafu zile noti zisizohitaji valvu hata moja, do ya chini, sol, do, upande na kushuka kwa midomo na pumzi tu, vidole vikae kimya. Pale ndo mdomo unajengeka, maana vidole vyako vinakuficha udhaifu.

Kuhusu majirani, fungua kabati la nguo pulizia humo ndani karibu na nguo, sauti inamezwa sana.

Fundi wa Bati na Shaba
Hiyo valvu usiilazimishe na usiguse koleo wala msasa. Fungua kifuniko cha juu uivute taratibu. Kila valvu ina namba imechongwa, 1, 2, 3, ukizichanganya hewa inaziba utadhani chombo kimekufa kumbe umekosea nyumba. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sio maji ya moto yanaharibu rangi, pitisha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kausha, kisha matone matatu manne ya oili ya valvu yenyewe. Ya cherehani ni nzito, usitumie. Ikiwa bado inakwama kuna uwezekano ukuta umebonyea, angalia kama kile kibonyeo hakijafika kwenye valvu, hapo mpelekee mtu anayejua.

Mstaafu_Bendi
Mwanangu, nimepuliza jeshini miaka mingi. Nina swali moja, meno ya mbele yapo yote? Mausipisi inaegemea meno, jino likitoka au likisogea hata ile sehemu uliyozoea kuweka inabadilika, utafute upya mbele ya kioo wala usione aibu. La pili, kabla ya kupuliza noti iimbe kwanza. Ukiisikia kichwani mdomo utaifuata.

Hapa nilipo ni Masasi, na wazee wa huku wanamkumbuka askofu Trevor Huddleston aliyekuwa hapa miaka ya 60. Huyo ndiye aliyempa Hugh Masekela, yule mpuliza tarumbeta maarufu, tarumbeta yake ya kwanza alipokuwa bado kijana Afrika Kusini. Nakwambia hilo kwa sababu huyo mwalimu wako naye ametunza chombo chako miaka 22. Mpigie simu.

Mmachame_Tabata
Shikamoo mzee. Meno yapo, moja la pembeni tu limetoka. Nimempigia mwalimu jana, kasema sauti ya pili ananiachia.

Fundi ulikuwa sahihi, ilikuwa uchafu, umetoka wa kijani kwenye kitambaa, sasa valvu inarudi vizuri. Leo ni wiki ya tatu, nimeshika sol sekunde 18 bila kutetemeka, kabatini. Mke wangu kaja kusimama mlangoni akaniuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia nipo kwenye zile dakika kumi za kupumzika.