Je, niache kuuza sigara moja moja dukani?

Mwenye duka, Nakuru

Nawasalimu nyote. Nina duka dogo mtaani Kaptembwo, hapa Nakuru, ambalo nimelisimamia kwa miaka sita, na kwa muda wote huo sigara zimekaa dirishani pamoja na peremende na biskuti. Ni wateja wachache mno wanaonunua pakiti nzima. Kila asubuhi nafungua pakiti na kuuza moja moja, na nje kuna kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa uzi ili mteja awashe na kwenda zake.

Wiki mbili zilizopita mvulana aliyevaa sare ya shule alininyoshea sarafu ya shilingi 20 na kuomba sigara, akidai kwamba ametumwa na babake. Nilimkatalia. Alivuka barabara hadi duka la pili, akapewa. Tangu siku hiyo nimekosa utulivu, kwa sababu nikijichunguza kwa haki siwezi kusema kwamba nimewakatalia wote waliowahi kuja na maneno kama hayo.

Naomba kuelimishwa. Je, sheria inakataza kumuuzia mtoto pekee, au inakataza hata kumuuzia mtu mzima sigara moja? Nikiacha ilhali jirani anaendelea, nitakuwa nimemsaidia nani? Isitoshe, anayetuletea bidhaa ananiambia kwamba tukiacha kuuza, watakaoumia ni wakulima wa Migori na Bungoma.

Afisa wa afya ya umma, Kisumu

Ndugu mwenye duka, nashukuru kwa kuuliza waziwazi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwaka 2008, inakataza yote mawili: kumuuzia mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na kuuza sigara moja moja kwa mtu yeyote, kwani pakiti haipaswi kuwa na sigara chini ya 10. Kwa hivyo, hata mteja wako akiwa mzee mwenye mvi, pakiti uliyoifungua asubuhi imekwisha kukuweka nje ya sheria.

Katazo hilo lina sababu nzito. Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku mwaka 2004, na kifungu cha 16 cha mkataba huo kinazihimiza nchi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja kwa sababu hiyo ndiyo bei ambayo mtoto anaimudu. Serikali inaweza kupandisha ushuru ili pakiti iwe ghali, lakini maadamu sigara moja inapatikana kwa sarafu ya mfukoni, mwanafunzi hataona uzito wa ushuru huo kama anavyouona anayetakiwa kulipia pakiti nzima.

Sababu ya pili husahaulika, nami naiona kuwa kubwa zaidi. Kanuni za mwaka 2014 zilileta picha za maonyo kwenye pakiti, na kampuni ya tumbaku ilizipinga kanuni hizo mahakamani hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliitupilia mbali rufaa hiyo mnamo Novemba 2019. Hebu fikiria miaka yote hiyo ya kesi, halafu mvulana wa Kaptembwo apokee sigara mkononi bila kuiona pakiti. Picha inabaki ndani ya duka lako, ikitazamwa na wewe usiyevuta.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 na zaidi hutumia tumbaku, na miongoni mwa wanaume ni takriban mmoja kati ya kila watano. Wengi wa watumiaji huanza wakiwa vijana, kabla ya kuelewa jinsi nikotini inavyoushika ubongo.

Kuhusu jirani yako, nakubali kwamba ukaguzi wetu mara nyingi huwa wa ghafla, kisha hufuatwa na kimya cha miezi. Jambo hilo linawaumiza wenye maduka waadilifu, na ni letu kulirekebisha.

Mvutaji wa zamani, Kondele

Ndugu yangu, nilivuta kwa miaka 19 na kwa miaka mingi kati ya hiyo sikununua pakiti hata moja. Nilijaribu kuacha mara nne. Nyumbani sikuwa na sigara, kwa hivyo usiku nilikuwa salama. Kilichoniangusha ni kile kiberiti cha uzi, maana kila nilipopita dukani nikielekea kituo cha matatu nilikiona, mkono ukaingia mfukoni kabla ya akili kukataa. Anayetaka kuacha hahitaji pakiti ili arudi alikotoka, sigara moja inamtosha. Hatimaye niliacha baada ya kubadilisha njia ya kwenda kazini na kuzungumza na mshauri katika kituo cha afya, na sasa ni mwaka wa tatu. Wanaotafuta msaada wanaweza pia kupiga simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, nambari 1192.

Mwana wa mkulima, Malakisi

Naomba nilijibu hilo la wakulima, kwa sababu nimelelewa katika shamba la tumbaku. Tulikuwa tukivuna majani yakiwa bado na umande, na jioni mama alikuwa akitapika na kushikwa na kizunguzungu. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba nikotini hupenya kwenye ngozi kutoka kwa jani lililolowa. Kuni za kukaushia zilimaliza miti yetu, na siku ya malipo gharama ya mbegu, mbolea na dawa tuliyokopeshwa ilikatwa kwanza. Kilichosalia hakikutosha karo.

Huko Migori, tangu mwaka 2022, mradi wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa umekuwa ukiwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, pamoja na kuwatafutia soko. Mkulima anahitaji soko la namna hiyo. Asitumiwe kama kisingizio cha kumuuzia mtoto sigara.

Muuzaji mwenza, Kakamega

Mimi bado nauza, na sitaficha. Anayekuja kununua sigara hununua pia chai na mkate, nami naogopa kuwapoteza wateja hao kabla ya kupata bidhaa nyingine ya kuwavuta. Hata hivyo, sikuwahi kulifikiria suala la picha kama alivyolieleza afisa.

Mwenye duka, Nakuru

Nawashukuru. Kiberiti nimekiondoa leo asubuhi, na wateja wawili wamekiulizia. Zimesalia pakiti tatu ambazo hazijafunguliwa, na nitaziuza zikiwa nzima kwa watu wazima tu, kisha sitaagiza nyingine. Jirani wa ng'ambo nimemweleza kuhusu yule mvulana. Hakunijibu vibaya, ila alisema angependa kuisikia sheria hiyo kutoka kwa afisa mwenyewe. Je, afisa, sisi wenye maduka tukikusanyika Jumamosi alasiri, tunaweza kumwomba mwenzako wa hapa Nakuru aje atuelimishe, na ombi hilo tulipeleke katika ofisi gani?

Afisa wa afya ya umma, Kisumu

Lipelekeni kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yenu, kwa barua fupi yenye majina ya maduka. Mwombeni aje na pakiti yenye picha, ili muishike mikononi.